GPA yako ina mababu wawili

Leo naomba tuongee hesabu. Najua wengine mlichukua masomo ya sanaa makusudi ili kuikimbia hesabu, lakini hii haikimbiliki. Inakufuata hadi kwenye transkripti.

Ukikaa kwenye hosteli yoyote ya Kihesa au Semtema pale Iringa, au Iyunga na Block T kule Mbeya, wiki mbili kabla ya UE utamkuta mtu na kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Anauliza swali moja tu: nikipata nini nitafika 3.5? Mwingine anauliza kuhusu 4.4. Mwingine, masikini, anaomba 2.0 tu asidisko. Swali hilo moja limebeba mkopo wa familia, matumaini ya mama aliyeuza viazi Uyole, na kazi ambayo bado haijatangazwa.

Leo nataka kufanya mambo mawili. Kwanza nieleze hizi namba zimetoka wapi, maana nimegundua wengi tunazihofu bila kuzijua. Pili tufanye hesabu yenyewe, taratibu, kwa mfano. Historia kwanza.

BABU WA KWANZA: CAMBRIDGE

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kusimamia mitihani ya wanafunzi wa shule za Uingereza. Miaka ya 1860 mitihani hiyo ilikuwa imeshavuka bahari hadi Trinidad. Dola ya Kiingereza ilivyopanuka, bahasha zenye maswali nazo zikapanuka. Zikatufikia Tanganyika. Mtoto wa Tosamaganga au Tabora alikuwa anafanya mtihani uliotungwa Uingereza, na majibu yake yanapanda meli kurudi huko kusahihishwa.

Cheti cha Cambridge kilikuwa na tabia moja ambayo naomba mwikumbuke, tutaihitaji baadaye. Kila somo lilipewa namba kuanzia 1 hadi 9. Moja ni bora kabisa, tisa ni kufeli. Kisha namba za masomo yako bora zinajumlishwa na unapangwa kwenye divisheni ya kwanza, ya pili au ya tatu. Yaani ukiwa na namba ndogo wewe ni mkubwa! Hapo ndipo ilipozaliwa ile lugha yetu ya "pointi saba" ambayo hadi leo inamfanya mzee wa Rungwe achinje kuku.

Kulikuwa na majaribio ya kupima elimu kwa namna nyingine, na mojawapo lilifanyika hapahapa kwetu. Mwaka 1928 ofisa elimu Mwingereza, W. B. Mumford, alianzisha shule Malangali, leo ni wilaya ya Mufindi mkoani Iringa. Alitaka shule ifanane na maisha ya Wahehe, Wabena na Wasangu waliokuwa wanaleta watoto wao. Wazee wa jadi walikuwa na nafasi shuleni. Ngoma na michezo ya asili viliingia kwenye ratiba. Jaribio halikudumu, na wapo waliolitilia shaka kwamba ni njia ya kumfungia Mwafrika kijijini. Malangali ikaja kuwa sekondari kama sekondari nyingine, na wanafunzi wake wakahesabu pointi kama wenzao wa nchi nzima. Ule mtihani ulikuwa mlango pekee wa kutoka. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe amefaulu kurusha mkuki, atakuuliza: sawa, atapata kazi wapi?

Ngazi ya chuo nayo ilikuja na mfumo wa Kiingereza. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 13 wa sheria. Kumi na watatu tu! Siku hizi hao wanajaa kwenye Noah moja na kubakisha konda mlangoni. Mwaka 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikajitegemea. Lakini madaraja ya digrii yalibaki yaleyale ya London: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na kufaulu tu. Ndiyo hayo hayo unayoyatafuta leo.

BABU WA PILI: MAREKANI

Sasa GPA. Hii ni ndugu wa upande mwingine kabisa.

Mwaka 1785 rais wa chuo cha Yale, Ezra Stiles, aliandika kwamba amewapima wanafunzi 58 na kuwagawa mafungu manne kwa majina ya Kilatini: 20 bora, 16 wa pili kwa ubora, 12 wa chini na 10 wabaya zaidi. Hakuna namba, hakuna herufi. Herufi zilikuja kukaa sawasawa mwaka 1897 katika Mount Holyoke, chuo cha wanawake kule Massachusetts. Wao walipanga A iwe 95 hadi 100, na chini ya 75 ilikuwa E, umefeli.

Hebu simama hapo kidogo. Kwa kipimo cha akina dada wa Mount Holyoke, ile 74 yako uliyoipigia picha na kuwatumia wazazi ingekuwa ya kufeli. Kwetu 74 ni A. Vyuo vyetu vingi vimepanga A kuanzia 70, B+ kuanzia 60, B kuanzia 50 na C kuanzia 40. Ukivuka mpaka hadi Makerere, A inaanza 80. Herufi ni ileile, ila kila nyumba ina kibaba chake.

Wamarekani ndio waliozigeuza herufi kuwa namba, wakazizidisha kwa uzito wa kila kozi na kutafuta wastani. Kwao A ni 4. Sisi tulipoichukua hesabu hiyo tulikuwa tumeshaingiza B+ katikati, kwa hiyo ngazi zetu ni A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1 na E 0. Kisha tukafanya kitu cha kwetu kabisa: tukachukua wastani wa Mmarekani na juu yake tukabandika madaraja ya Mwingereza. 4.4 hadi 5.0 daraja la kwanza. 3.5 hadi 4.3 la pili la juu. 2.7 hadi 3.4 la pili la chini. 2.0 hadi 2.6 kufaulu. Kwa hiyo transkripti yako ina damu mbili. Ni chotara.

Na kuna zaidi. Kwenye vyuo vya ufundi, cheti cha ngazi ya 4 na ya 5 kinapimwa kwa kipimo cha 4, lakini diploma ya ngazi ya 6 inapimwa kwa kipimo cha 5. Kijana wa Mbeya aliyeanza na cheti akapata 3.5 ana daraja la kwanza. Akipata 3.5 hiyohiyo kwenye diploma, ana la pili la juu. Namba moja, mtu mmoja, hadhi mbili. Mkisikia watu wanabishana kwenye daladala za Mwanjelwa nani mwenye akili zaidi, waulizeni kwanza wanatumia kipimo gani.

MWALIMU NA JEMBE

Isidhaniwe kwamba tulimeza tu kila kitu bila kuuliza. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake makubwa lilikuwa kwamba shule zetu zinaupa mtihani wa karatasi uzito uliopitiliza, hazimpimi mtu anavyofikiri wala anavyofanya kazi na wenzake. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kuchukua kazi ya Cambridge. Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuanzisha baraza letu wenyewe, NECTA.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma. Kutoka pale yakaja mabadiliko ambayo kwa kijana wa leo ni kama hadithi. Kumaliza kidato cha sita hakukutosha tena kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ulitakiwa ufanye kazi kwanza, na upate barua nzuri ya mwajiri na ya tawi la chama. Kuanzia 1976 alama za mwisho shuleni zikagawanywa nusu kwa nusu, mtihani upande mmoja na maendeleo ya kila siku upande mwingine. Tabia na bidii ya kazi navyo vikaandikiwa alama.

Fikiria hiyo. Mwenyekiti wa tawi lako ndiye anaamua kama unafaa kwenda kusoma udaktari! Miaka ya 1980 masharti hayo ya kuingia chuo yalilegezwa. Wapo wazee wanaoyakumbuka kwa upendo, wapo wanaokumbuka fitina za matawini. Mimi naona somo moja: hata mapinduzi yalipotaka kupima utu wa mtu, mwishowe yalilazimika kuuandika kwa namba. Na namba ikishaandikwa, watu huanza kuitafuta yenyewe badala ya kile ilichotakiwa kupima.

MWAKA NAMBA ZILIPOPINDULIWA

Sasa tufike kwenye kizazi changu, maana hapa ndipo panaponiuma.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata ziro. Nchi ilisimama. Cha kushangaza, shule iliyoongoza taifa zima mwaka huohuo ilikuwa ya Mbeya, St. Francis Girls. Mkoa mmoja, ukawa na shangwe na msiba ndani ya wiki moja. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Sababu iliyoelezwa ilihusu namna alama zilivyopangwa kwenye madaraja mwaka ule, tofauti na miaka iliyotangulia. Yalipotangazwa tena, maelfu waliolala na ziro waliamka na divisheni. Karatasi zao za majibu zilikuwa zilezile. Hakuna aliyeongeza nukta.

Mwishoni mwa 2013 wizara ikatangaza ngazi mpya: A kuanzia 75, B+ 60, B 50, C 40, D 30, E 20. Likatajwa hadi divisheni ya tano badala ya ziro, watu wakapiga kelele na kucheka kwa zamu, ziro ikarudishwa. Kisha ikaja GPA sekondari. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014, yaliyotoka mwanzoni mwa 2015, hayakuwa na divisheni. Yalikuwa na Distinction kuanzia 3.6, Merit kuanzia 2.6, Credit kuanzia 1.6, Pass kuanzia 0.3, na chini ya hapo Fail.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Kidato cha nne nina GPA. Kidato cha sita nina divisheni. Miaka michache baadaye, nikiwa natafuta kazi ofisi moja mjini Mbeya, mama wa masijala aligeuza geuza matokeo yangu, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mdogo wangu, hii Merit ni divisheni ngapi?" Nilimjibu haina divisheni. Akasema, "Basi kaa hapo, tutamuuliza bosi." Nilikaa dakika arobaini nikitafakari historia ya elimu ya Tanzania.

Mnakumbuka niliwaomba mshike lile la Cambridge, kwamba namba ndogo ndiyo bora? GPA ilikuwa imepindua kila kitu, sasa kubwa ndiyo bora. Mzazi aliyezoea kushangilia pointi saba akaambiwa mwanawe ana 1.4, akafurahi. Kumbe 1.4 ilikuwa Pass.

Januari 2016 waziri mpya wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye hadi 2014 alikuwa ndiye Katibu Mtendaji wa NECTA, alilitaka baraza lieleze kwa nini lilihamia GPA. Hoja kubwa iliyosikika ni kwamba wananchi wengi hawakuuelewa mfumo. GPA ikaondoka sekondari. Matokeo ya 2015 yaliyotangazwa mapema 2016 yalirudi na divisheni, na ngazi za kidato cha nne zikawa A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30.

Tuone maana yake kwa mtoto mmoja wa mfano. Ana masomo saba: 76, 66, 62, 55, 48, 44 na 41. Kwa mfumo wa 2014 anapata A moja, B+ mbili, B moja, C tatu. Jumla 22, gawa kwa 7, anapata 3.1, Merit. Kwa mfumo uliofuata anapata A moja, B moja, C tatu, D mbili. Pointi 1 jumlisha 2 jumlisha 9 jumlisha 8, ni 20. Divisheni ya pili. Angalia zile alama tatu za mwisho. Mwaka mmoja 48, 44 na 41 ni ndugu, wote C. Mwaka uliofuata 48 anabaki C, wenzake wawili wanakuwa D. Mtoto hakubadilika. Mstari ndio uliohama.

HAYA, SASA HESABU

Turudi kwa yule wa hosteli mwenye kalamu. Tuseme anasoma digrii ya miaka mitatu yenye krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Amemaliza mwaka wa pili. Ubao unasema GPA yake ni 3.2. Anataka 3.5 amalizie na daraja la pili la juu.

Njia ni hii. Zidisha GPA unayoitaka kwa krediti zote za digrii. Toa pointi ulizokwisha kukusanya. Kinachobaki kigawanye kwa krediti ulizobakiza. Jibu ni wastani unaotakiwa kuupata kuanzia leo.

3.5 mara 360 ni 1,260. Hilo ndilo lengo. Sasa pointi alizonazo ni ngapi? Wengi watafanya 3.2 mara 240, wapate 768. Hapo ndipo kosa linapoingia! Vyuo vingi huandika desimali moja na kukata zinazofuata. Hiyo 3.2 inaweza kuwa 3.20 au 3.29. Kwa hiyo usitumie GPA iliyoandikwa. Chukua matokeo ya kila kozi, zidisha pointi ya herufi kwa krediti zake, jumlisha mwenyewe.

Tuseme kozi zote ni za krediti 10, na wapo marafiki wawili, wote wana 3.2. Wa kwanza ana pointi 770. Anahitaji 490 kwa krediti 120, yaani wastani wa 4.08. Kwenye kozi 12 hiyo ni B+ kumi na moja na A moja. Wa pili ana pointi 790. Anahitaji 470, wastani wa 3.9. Huyu anaweza kupata B+ kumi na moja na B moja, akafika. Ubaoni wanalingana. Kwenye karatasi mmoja anahitaji A, mwenzake ana ruhusa ya kuteleza mara moja.

Na je, wa kwanza akipata B+ kumi na mbili, bila A hata moja? 770 jumlisha 480 ni 1,250. Gawa kwa 360 unapata 3.47. Chuo kinachokadiria kingemwandikia 3.5. Chuo kinachokata kitamwandikia 3.4. Daraja zima linaondoka kwa kosa la A moja. Kwa hiyo soma kitabu cha kanuni za chuo chako, kile ulichopewa wiki ya kwanza ukakifanya mto wa kulalia.

Sasa yule anayeota 4.4 akiwa na pointi 770. 4.4 mara 360 ni 1,584. Toa 770, zinabaki 814. Gawa kwa 120, unapata 6.78. A ni 5. Haiwezekani, hata akihamia maktaba na godoro. Akipata A zote atafika pointi 1,370, yaani 3.8. Lakini ona: 3.8 ndiyo vyuo vya umma hutaka kwa mtu anayeomba kuanza kufundisha kama mhadhiri msaidizi wa chini kabisa. Ndoto moja imefungwa na nyingine iko wazi, na asingejua bila kupiga hesabu.

Hesabu hiyohiyo inasema kitu kuhusu muda. Anayetaka daraja la kwanza lazima amalize mwaka wa pili akiwa na 4.1 walau, na hapo awe tayari kupata A zote mwaka wa tatu. Lakini akiwa amemaliza mwaka wa kwanza tu, hata 3.2 bado ina njia, ingawa nyembamba kama ile ya kupandia Loleza. 3.2 ya mwaka wa kwanza na 3.2 ya mwaka wa pili ni vitu viwili tofauti. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: ile "tutarekebisha mbele ya safari" ina bei, na bei inapanda kila muhula.

Mambo mengine matatu ya haraka:

Moja, uzito wa kozi. Mradi wa utafiti wenye krediti 20 unakuinua mara mbili ya kozi ya krediti 10. Watu wanapiga msuli kwenye kozi ngumu yenye krediti chache, kisha mradi wanaandika usiku mmoja kwa madesa. Hesabu haiungi mkono.

Mbili, sapu. Kwenye vyuo vingi ukirudia mtihani unapewa C hata ukipata 90. C badala ya B+ inakupunguzia pointi 20 kwenye kozi ya krediti 10, na kuzirudisha unahitaji kuzigeuza B+ mbili ziwe A. Sapu moja inadai A mbili.

Tatu, anzia kwenye majaribio ya darasani. Kama chuo chako kinatumia 40 kwa 60, na una 28 kati ya 40, A inahitaji 42 kati ya 60. Ukiwa na 21, A inahitaji 49 kati ya 60. Alama saba za jaribio la Aprili ndizo zitakazokutoa jasho Julai, tena kwenye baridi ya Iringa.

NAMBA NI YA NANI?

Nimeandika haya yote kwa sababu naona hatari mbili kwa vijana wetu. Ya kwanza ni kuidharau GPA, kusema "maisha si GPA" wakati milango mingi imefungwa kwa kufuli hiyo. Mwaka 2016 wenye diploma walioomba chuo kikuu waliambiwa wawe na 3.5, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 3.0. Waliokuwa na 3.2 mwaka ule wa 2016 walikaa nyumbani. Hao hawawezi kukubali ukiwaambia namba haina maana.

Ya pili ni kuiabudu. Tumeona mistari inavyohama. Imehama kwa mkutano wa chama, kwa tume, kwa tamko la waziri. Januari 2023 NECTA iliacha hata kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, jambo ambalo tulidhani ni kama sikukuu ya kitaifa. Kama kipimo chenyewe kinabadilishwa na watu, basi mtu aliyepimwa ni mkubwa kuliko kipimo.

Pale Mkwawa, Iringa, majengo hayo kabla ya uhuru yalikuwa shule ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kihehe hakuruhusiwa kuingia, awe na akili kiasi gani. Baadaye ikawa sekondari yenye jina la mtemi aliyewasumbua Wajerumani, na tangu 2005 ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlango ule ulikuwa unafunguliwa kwa rangi ya ngozi, leo unafunguliwa kwa pointi. Pointi zina kasoro zake zote nilizozitaja, lakini angalau pointi zinahesabika, na anayejua kuhesabu anaweza kupanga safari yake.

Kwa hiyo chukua karatasi leo, usingoje wiki ya UE. Andika kozi zako, krediti zake, pointi zake. Ukikuta lengo bado linafikika, andika unahitaji A ngapi na uchague mapema zitatoka kozi gani. Ukikuta halifikiki, tafuta lililo karibu nalo, maana mara nyingi lipo.

Je, kwenu mnakata desimali au mnakadiria? Na nyie wa 2014 wenzangu, mmeshawahi kuulizwa Merit ni divisheni ngapi? Mlijibu nini?

Nawatakia mitihani myema.